Kompyuta mpya ilikataa kuwaka, na kosa halikuwa la mazabodi

Jumamosi moja baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alinipigia simu kutoka Likoni. Hata salamu hakuimaliza vizuri.

"Mjomba, kompyuta haiwaki. Fundi asema mazabodi imekufa, nitafute elfu kumi na tano nyingine."

Nilinyamaza kidogo, maanake nilijua pesa za kompyuta ile zilikotoka. Dada yangu alitoa zamu yake yote ya mchezo, mimi nikaongeza changu, na kijana mwenyewe akauza simu yake nzuri akabaki na mulika mwizi. Azma yake ilikuwa kuhariri video za harusi, kazi ambayo hapa Mombasa haikosi wateja. Alinunua kipande kimoja kimoja: kasha, mazabodi, prosesa, ramu, pawasaplai na diski mpya ndogo ya NVMe. Kwenye kompyuta yake ya zamani akatoa diski mbili. Moja ilikuwa SSD yenye Windows yake, na nyingine ile diski kubwa ya kuzunguka, ya terabaiti moja.

Hiyo ya terabaiti moja ndiyo iliyonitia wasiwasi. Ndani yake mna darsa za shemeji yangu, marehemu baba yake kijana, alizokuwa akisomesha msikitini kila Ramadhani na zikarekodiwa kwa simu. Nakala nyingine hakuna.

"Umejaribu kuiwasha bila diski?" nikamuuliza.

"Bila diski yawaka, Mjomba. Nikizitia zote, feni zashtuka kidogo kisha kimya."

"Basi mazabodi haijafa. Usiiwashe tena. Nakuja kesho inshallah."

Ndugu msomaji, nimeamua kuandika kisa hiki kwa sababu vijana wengi siku hizi wanajiundia kompyuta. Wako wa kuhariri video, wako wa kucheza gemu, wako wa kufungua saiba. Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziikubali Windows 11, kwa hivyo watu wananunua vipande na kuunganisha. Na tatizo la kompyuta mpya inayogoma mara tu inapotiwa diski ni la kawaida mno. Wengi hulipia kipande ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Maswali matatu

Kabla ya kushika bisibisi, ni muhimu kujua kompyuta huamka vipi. Ukibonyeza kitufe, pawasaplai huanza kutoa umeme na kujikagua yenyewe. Ikiridhika, huipa mazabodi ishara kwamba umeme uko sawa. Hapo prosesa huanza kusoma programu ndogo iliyomo ndani ya mazabodi, ambayo watu wengi bado huiita BIOS ingawa ya kisasa jina lake ni UEFI. Programu hiyo hukagua ramu, huwasha skrini, kisha hutafuta diski zilizochomekwa. Mwisho kabisa, huangalia ni diski gani iliyo na programu endeshi, na kuikabidhi kazi.

Kwa hivyo mtu akisema "kompyuta haiwaki na diski zake", anaweza kuwa anazungumzia mambo matatu tofauti kabisa. La kwanza, mashine haishiki umeme, yaani feni zinashtuka na kuzima. La pili, mashine inawaka lakini BIOS haiioni diski. La tatu, BIOS inaiona diski vizuri, ila haipati kitu cha kuwashia ndani yake.

Basi jiulize kwa mpangilio huu: umeme unafika? Diski inaonekana? Kuna cha kuwashia ndani yake? Swali la kwanza ni la nyaya na umeme. La pili ni la soketi na mipangilio. La tatu ni la programu. Ukichanganya maswali haya utabadilisha waya kwa tatizo la programu, au utasakinisha Windows mara kumi kwa tatizo la waya.

Kwa mpwa wangu ilitokea bahati mbaya ya ajabu: diski tatu, na kila moja ilikuwa na swali lake.

Tulianza kwa kuvua

Jumapili asubuhi nilivuka feri na begi langu: bisibisi, tochi na mita ya kupimia umeme. Mimi si fundi wa kompyuta. Nina diploma ya umeme niliyoipata zamani, wakati chuo cha pale Tudor kingali kikiitwa Mombasa Polytechnic. Lakini mafunzo yale yalinipa tabia moja ambayo imenifaa maishani: usilaumu kitu ambacho hujakipima.

Tulichomoa waya wa ukutani kwanza, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Baada ya hapo tukavua kila kitu kisicho cha lazima. Tukabaki na mazabodi, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha ramu, pawasaplai na skrini. Diski zote tatu tukaziweka mezani.

Tukawasha. Skrini ikaja, tukaingia BIOS. Prosesa ilitajwa kwa jina lake, ramu ikasomeka, joto lilikuwa la kawaida.

Nikamwambia kijana, "Mazabodi iliyokufa haikuonyeshi haya."

Hapa niseme neno moja la tahadhari. Mazabodi mpya zinazotumia ramu ya DDR5 huweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi mara ya kwanza kuwashwa, kwa sababu zinajizoesha na ramu hiyo. Wengine hukata tamaa na kuzima kabla haijamaliza. Mwenda pole hajikwai. Ipe muda.

Diski ya kwanza: nzima, lakini tupu

Tukazima, tukachomoa ukutani, tukarudisha ile NVMe ndogo. Hii hulala moja kwa moja juu ya mazabodi, kwenye soketi iitwayo M.2, haina waya wowote. Tukawasha. BIOS ikaiona. Umeme unafika, inaonekana. Haina cha kuwashia, kwa kuwa ndiyo kwanza imetoka dukani.

Anayenunua diski ya namna hii ajue kwamba zinazoingia kwenye soketi ya M.2 ziko za aina mbili, NVMe na SATA. Kwa sura zinafanana mno, lakini si kila soketi inazikubali zote mbili. Ukiweka aina isiyokubalika, mashine itawaka vizuri na diski haitaonekana kamwe. Jibu liko kwenye kitabu cha mazabodi.

Diski ya pili: ilifichwa na jirani yake

Tukazima tena, tukachomeka ile SSD ya zamani yenye Windows. Tukawasha. Mashine iliwaka sawasawa, lakini kwenye orodha ya BIOS diski ilikuwa moja tu, ile NVMe. SSD haikuwepo.

Mtu mwenye haraka angesema SSD imekufa. Mimi nilimwambia kijana alete kile kitabu cha mazabodi, ambacho kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Tukasoma ukurasa wa soketi, na jibu likawa pale kwa herufi ndogo. Soketi ya M.2 tuliyotumia ilikuwa ikishirikiana njia na mojawapo ya soketi za SATA. Ukiijaza moja, nyingine inazimwa. Kijana alikuwa ameichomeka SSD katika soketi hiyo hiyo iliyozimwa.

Mazabodi nyingi zina mpango kama huu, kwa kuwa njia za kupitisha data kati ya prosesa na vifaa zina idadi yake maalum. Tukaihamisha SSD hadi soketi nyingine, tukawasha, ikaonekana.

Ikiwa kwako kuhamisha soketi hakusaidii, badilisha ile kebo nyembamba ya data. Ni ya bei nafuu na huharibika kimya kimya. Sisi watu wa pwani tuna mtihani wa ziada: hewa ya chumvi hula meno ya chuma polepole. Diski iliyokaa miaka karibu na dirisha la baharini inafaa kuangaliwa meno yake kwa tochi kabla ya kuhamishiwa mashine mpya.

Inaonekana, lakini haiwashi

SSD sasa ilikuwa ikionekana. Tukaichagua iwe ya kuwashia, na skrini ikatuambia hakuna diski ya kuwashia. Kijana akanitazama. Windows imo mle ndani, ameitumia miaka minne, itakosekanaje?

Sababu yake ni ya kihistoria. Kuna mtindo wa zamani wa kugawa diski uitwao MBR, uliokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983. Mtindo huo una mipaka yake, mmojawapo ukiwa kwamba kwa kawaida hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 za diski moja. Mtindo mpya ni GPT, unaokwenda sambamba na UEFI. Windows ya mpwa wangu ilisakinishwa zamani kwa mtindo wa MBR. Mazabodi yake mpya ilitaka UEFI peke yake. Diski ni nzima, Windows ni nzima, ila mazabodi haitafuti tena mahali pale pa zamani.

Baadhi ya mazabodi zina mpangilio uitwao CSM unaorudisha tabia ya zamani, na ukiuwasha diski kama hiyo huweza kuwaka. Nyingine hazina kabisa. Microsoft nao wana programu iitwayo MBR2GPT, iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la mwaka 2017, ambayo hugeuza diski bila kufuta mafaili. Lakini usiiguse kabla ya kunakili mafaili yako mahali pengine.

Sisi tulichagua njia rahisi. Tuliitoa SSD, tukabaki na NVMe peke yake, tukasakinisha Windows mpya kwa flashi ya gigabaiti 8. Nasisitiza kwamba wakati wa kusakinisha uache diski moja tu ndani ya mashine. Windows ikikuta diski mbili, huweza kuweka mafaili yake ya kuwashia kwenye diski moja na mengine yote kwenye nyingine. Siku utakapoitoa ile ya kwanza, kompyuta itagoma na hutaelewa kwa nini.

Pia kuna wanaofika hatua ya kusakinisha wakaambiwa hakuna diski yoyote, ilhali BIOS inaiona. Hilo hutokea katika baadhi ya mashine za Intel zenye mpangilio uitwao VMD. Ama uuzime kwenye BIOS kabla ya kuanza, ama uwe na draiva yake kwenye flashi. Na ikiwa unahamisha diski ambayo tayari ina Windows, usibadilishe ovyo mpangilio wa AHCI na RAID, kwani Windows iliyozoea mmoja huweza kukataa kuwaka ukiiwekea mwingine.

Kufikia Adhuhuri Windows mpya ilikuwa imesimama. Tukaswali, dada yangu akatuletea mahamri na mbaazi. Kisha tukairudisha SSD, na mafaili yake yote yakafunguka kama diski ya kawaida.

Ikabaki moja.

Diski ya tatu: waya wa bure

Ile diski kubwa sikutaka kuichomeka kwa pupa. Diski mbili zilikuwa zimeingia na mashine haikuzima. Basi anayeizima ni yeye. Nikamuuliza kijana aliichomeka kwa waya gani wa umeme.

Ikatoka habari kwamba waya uliokuja na pawasaplai ulikuwa mfupi, haukufika kule diski kubwa ilikofungwa. Rafiki yake akampa waya mwingine bure, kutoka rundo la nyaya za pawasaplai nyingine. Ncha zote mbili ziliingia bila taabu, kwa hivyo akaamini ni sawa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari ninayotaka uikumbuke hata ukisahau yote mengine. Pawasaplai nyingi za kisasa zina nyaya za kuchomoa. Ncha inayoingia kwenye diski ni ya kawaida ulimwenguni kote: ina meno 15, matatu ya volti 3.3, matatu ya volti 5, matatu ya volti 12, na yaliyobaki ni ya ardhi. Lakini ncha ya upande wa pawasaplai haina kanuni moja. Kila kampuni hupanga meno yake inavyotaka, na hata kampuni moja huweza kubadilisha mpango kutoka modeli moja hadi nyingine. Plagi zinafanana, zinaingia, ila umeme unatokea mahali si pake. Zamani rangi zilikuwa zikikuonya, nyekundu kwa volti 5 na manjano kwa volti 12. Siku hizi nyaya nyingi ni nyeusi tupu.

Nilichomeka ule waya wa bure upande wa pawasaplai, ncha ya pili nikaiacha haina kitu, nikapima kwa mita. Mahali palipotakiwa kuwa na volti 5, mita ilisoma 12.

Kijana aliketi chini.

Nikapima na diski yenyewe, ikiwa haina umeme. Kati ya njia ya volti 5 na ardhi, mita ililia. Yaani umeme ukiingia tu, unakwenda moja kwa moja ardhini. Pawasaplai nzuri ikiona hivyo hujizima papo hapo ili isiungue. Ndiyo sababu ya feni kushtuka na kunyamaza. Fundi aliiona mashine haiwaki akasema mazabodi. Simlaumu sana, kwa maana mashine iliyozima haikwambii mengi. Lakini lau angechomoa kitu kimoja kimoja, angeliona hilo kwa dakika tano.

Sauti ya marehemu

Kilichotupa matumaini ni kwamba diski nyingi za kuzunguka zina kijidude kidogo kwenye bodi yake, aina ya dayodi, kilichowekwa makusudi kwa ajali kama hii. Umeme ukizidi, hukubali kuungua chenyewe ili sehemu nyingine zipone. Kikiisha kuungua mara nyingi hubaki kimeunganisha umeme na ardhi, na ndicho kinachofanya mita ilie. Data iliyomo kwenye sahani huenda haijaguswa.

Huenda, nasema, na kwa hivyo sikuthubutu kuishika. Nilijua cha kupima, lakini mkono wangu si wa kazi ile ndogo. Tulimtafuta fundi mwingine mjini, mzee anayetengeneza bodi za simu na televisheni. Akaiangalia kwa lenzi, akakitoa kile kijidude, akapima tena, kisha akaichomeka kwa waya uliokuja na pawasaplai yake. Diski ikazunguka.

Hakutuacha tufurahi. Alituambia diski hiyo sasa haina kinga, tunakili kila kitu tusiitumie tena. Tulinakili usiku kucha. Nakala moja iko kwenye kompyuta ya kijana, nyingine kwenye diski ya nje iliyo kwangu, huku ng'ambo ya feri. Akiba haiozi, walisema wahenga, na nakala moja si akiba.

Siku ya pili yake tulimfungulia dada yangu darsa moja. Alisikiliza kidogo, akasema, "Akohoa vile vile." Kisha akaenda zake jikoni, na sisi hatukusema kitu.

Kwa anayeunda yake

Kwa ufupi, mashine yako mpya ikikataa kuwaka na diski zake, chomoa ukutani, toa diski zote, uone kama inafika BIOS. Ikifika, mwili wake ni mzima, usikubali kuuziwa mazabodi. Rudisha diski moja moja, na kila mara zima na uchomoe kwanza. Ile inayoizima mashine nzima ina tatizo la umeme, iache nje na ukague waya wake. Ile isiyoonekana ina tatizo la soketi, kebo au mpangilio, soma kitabu. Ile inayoonekana na haiwashi ina tatizo la programu, na hapo bisibisi haina kazi tena.

Usitumie waya wa pawasaplai nyingine hata ukiingia kama umezaliwa nao. Usiifungue pawasaplai yenyewe, kwani ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuichomoa. Na diski yenye kitu kisicho na mfano wake, iwe ni darsa, picha za harusi ya wazazi wako au hati za shamba, usiitie kwenye mashine ambayo hujaijaribu. Nakili kwanza, ndipo uunde.

Mpwa wangu ameshapata harusi yake ya kwanza ya kuhariri. Wale elfu kumi na tano hakuwatoa. Ule waya wa bure ameutundika ukutani juu ya meza yake, ameukata ncha zote mbili.